Pikipiki Ikianguka Uani

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya mapishi na ushonaji. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za askari wetu hapa Uganda kuna kitu kimoja chenye thamani kupita kabati na kitanda, nacho hulala uani chini ya turubai. Asubuhi pikipiki hiyo humpeleka baba au mama zamuni, jioni hurudi na mkungu wa matoke, na pengine ndiyo inayotafuta karo ya watoto kwa kazi ya bodaboda. Kwa hiyo ikisikika imeanguka, nyumba nzima hutoka mbio.

Aghalabu haiangushwi na mwendo, bali huanguka ikiwa imesimama. Katika mvua za Machi hadi Mei udongo wetu mwekundu hulainika, na stendi ya pembeni, ambayo ncha yake ni ndogo, huzama polepole mpaka chombo kikalala. Pengine kamba ya kuanikia nguo hunasa usukani, au mtoto hupanda kujifanya polisi wa trafiki. Chombo cha kilo zaidi ya 100 kikishaanza kwenda chini hakizuiliki kwa mkono mmoja. Kiacheni kianguke, maana mguu uliovunjika hauna spea.

Wengi hukimbilia kutazama rangi. Yafaa ifahamike kwamba rangi ndiyo ya mwisho. Kwanza izimwe swichi, ifungwe koki ya petroli, na asiwepo karibu mwenye sigara wala jiko la mkaa. Kama imelalia upande wa kulia, stendi ifunguliwe kabla ya kuinua, isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili. Mwenye kuinua peke yake aipe mgongo, aegemeze makalio kwenye ubavu wa kiti, ashike usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma ya kiti kwa mwingine, kisha asukume kwa miguu akirudi nyuma hatua fupi fupi. Mgongo usipinde. Ikishasimama ingojwe dakika kadhaa kabla ya kuwashwa, na maji ya betri yakiwa yamemwagika yaoshwe kwa maji mengi, kwa sababu hula rangi na ngozi pia.

Stendi ikizama, pikipiki hulalia kushoto. Basi yatazamwe mkono wa klachi, pedali ya gea na kikanyagio cha upande huo. Ikilalia kulia, hapo pana jambo zito zaidi, kwani huko ndiko uliko mkono wa breki ya mbele na pedali ya breki ya nyuma. Mikono hiyo aghalabu ni ya aluminiamu ya kusubu. Ukiupinda ukarudi kama ulivyokuwa, waweza kuwa umepasuka ndani bila jicho kuona, na utakatika siku utakapoubana kwa nguvu zako zote nyuma ya lori la mchanga. Mkono mpya ni katika spea za bei ndogo. Hapo pasifanywe ubahili. Kisha usukani uzungushwe pande zote mbili, na mkono wa mafuta ukiachwa urudi wenyewe. Ukikwama, pikipiki isitoke nje ya ua.

Hapa nina neno na wazazi wenzangu. Mtoto aliyeangusha akipigwa kwa ajili ya mkwaruzo, safari ijayo ataiinua kwa msaada wa rafiki zake, ataifuta matope na kunyamaza. Baba ataondoka alfajiri na breki asiyoijua hali yake. Kijana akisema mwenyewe, "Baba, imeanguka, imelalia kulia," amekupa habari ambayo fundi asingeweza kukupa. Ashukuriwe kwanza, karipio litafuata kwa kipimo.

Sasa tuje kwenye mikwaruzo. Pitisha ukucha juu yake. Usiponasa, ni rangi ya juu tu iliyochubuka, na dawa ya kung'arishia rangi, au hata dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa laini, itaufifisha. Ukinasa na chuma kikaonekana, usiuache upitishe mvua, kwa kuwa kutu huanza hapo na kutambaa chini ya rangi nzima. Usuguliwe kwa msasa laini, upakwe rangi ya chini ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe mara mbili tatu, nyepesi nyepesi. Kwenye tangi rangi ya kopo la kupuliza haidumu, maana petroli ikidondoka huiyeyusha. Huko fundi atumie rangi iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha. Plastiki haishiki kutu, na kwa maoni yangu mikwaruzo yake iachwe. Ikiwa imepasuka, toboeni tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee.

Tangi likibonyea kidogo bila kuvuja, liachwe lilivyo. Wako mafundi wa kando ya njia watakaotaka kulichomea kipande cha chuma ili walivute. Wakatalieni. Tangi lililomwagwa petroli si tupu, limejaa mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Anayesema ameliacha wazi juani siku nzima bado hajaliondolea hatari.

Askari aliyekabidhiwa pikipiki ya serikali asiguse msasa wala rangi. Atoe taarifa kwa msimamizi wa magari siku ile ile, aandike ilikuwa wapi, imesimamaje na imelalia upande gani. Mkwaruzo ulioandikwa ni mkwaruzo, lakini uliofichwa kwa rangi ukigunduliwa kwenye ukaguzi huonekana kuwa ajali barabarani, naye atahojiwa juu ya safari ambayo hakuifanya.

Baada ya hayo litafutwe jiwe bapa au kipande cha ubao chenye upana wa kiganja, kiwekwe uani mahali pake, stendi ikanyage juu yake. Usukani ukatwe kushoto kabisa, gea iingizwe namba 1, na kamba ya nguo ihamishiwe upande wa pili wa nyumba.