Bunia: Picha za alfajiri zisiwatie wahami hatarini

Bunia iko karibu na ikweta. Jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima, na simu nyingi huelekezwa angani. Lakini pale Kigonze, anayetoka hemani saa hiyo ni mhami wa vita. Uso wake ukisambazwa, anayemtafuta atajua alipo.

Basi mpiga picha aombe ruhusa kwanza. Mwenyewe akikubali, mpiga picha alipe jua mgongo, uso upate nuru. Pasipo ruhusa, aelekee jua na kugusa penye mwanga kwenye kioo cha simu: rangi za anga zitatokea, watu watabaki vivuli. Mahema yakae chini, anga ichukue theluthi mbili. Uzuri wa asubuhi haudai sura ya mtu aliyejificha.