Hesabu za darasa la sita na mizani ya zahabu

Mu Kabambare, ukisema darasa la tano na la sita, wazazi wengi wanafikiri kwanza ENAFEP, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Hawakosei: mtihani huo ndio unafungua njia ya darasa la saba. Lakini kuko jambo lingine mu daftari la hesabu, na linagusa mfuko wa nyumba mbele hata mtihani haujafika.

Katika madarasa hayo mawili watoto wanafundishwa vipimo vya uzito, namba zenye koma, asilimia, faida na hasara. Wanafundishwa pia kutafuta bei ya kitu kimoja ndipo wajue bei ya vingi. Hizo ndizo hesabu zinafanyika kila siku mbele ya mizani ya zahabu, kuanzia Salamabila na Namoya mpaka ku masoko madogo.

Tuchukue mfano. Mashariki mwa Kongo wanunuzi wengi wanahesabu kwa tola, na tola moja ni gramu 11,66. Tuseme mnunuzi anatoa dola 700 kwa tola. Mchimbaji ana gramu 3,5. Mtoto wa darasa la sita anagawanya 700 kwa 11,66, anapata karibu dola 60 kwa gramu. Anazidisha kwa 3,5: dola 210. Kama mizani inaiba gramu 0,2 tu, ni dola 12 zimeenda. Mwenye hajui hesabu hiyo anapokea chenye anapewa, kisha anasema asante.

Uchungu ni kwamba watoto wengi wanaacha masomo karibu na miaka hiyo hiyo. Anaenda kubeba mchanga ao kuosha mawe, sababu machimbo yanatoa franka leo, na shule inaahidi kesho. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi za hatari kwa mwenye hajatimiza miaka 18, na machimbo ni hatari. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Lakini bure haiondoe daftari, nguo, wala njaa ya saa sita, na mzazi anajua kama mu darasa la saba malipo yanarudi. Ndiyo maana wengine wanaona sawa mtoto aishie njiani.

Luga nayo inaleta kizuizi. Mu madarasa ya juu hesabu inafundishwa kwa kifaransa, lakini sokoni watu wanapatana kwa kiswahili. Mtoto anaweza kupata pointi nzuri ku ubao, kisha ashindwe kusema asilimia kumi ni ngapi mbele ya muuza mafuta. Mwalimu akirudilia swali moja kwa kiswahili, na bei ya mchele wa hapa, haharibu programu. Anaifikisha nyumbani.

Mzazi mwenye hakusoma naye ana kazi. Amutume mtoto sokoni na daftari, amuulize kilo ilikuwa ngapi, chenji ilikuwa ngapi, nani alipata faida. Trimesta hii moja ikiisha, atajua kama darasa la sita linafaa kumalizika, hata kwa yule mwenye kesho atashika jembe ao mizani.