Msanii wa Rangwi asiuze shamba kwa bei ya gunia

LUSHOTO nzima hakuna mkulima anayehitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Gunia la viazi mviringo hujazwa mpaka mdomoni, likaongezwa kilemba juu yake, likashonwa kwa kamba, kisha mwenye lori akalipa bei ya gunia moja. Kabichi na karoti nazo hushuka mlimani kuelekea Mombo na Dar es Salaam kwa makadirio ya jicho la mnunuzi.

Kilio hicho kimeandikwa sana. Kisichoandikwa ni kwamba katika Kata ya Rangwi, kama ilivyo katika kata nyingine za milima ya Usambara, ipo bidhaa nyingine inayoondoka kwa lumbesa kubwa zaidi, na mara nyingi bila bei yoyote. Bidhaa hiyo ni kazi za sanaa: nyimbo za kwaya, vyungu vya akina mama wafinyanzi, michoro ya vijana, hadithi na picha.

Watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae hupita Rangwi, na baadhi yao hulala kwa masista. Mgeni akirekodi kwaya ya Jumapili kwa kumbukumbu yake mwenyewe, hakuna atakayemlaumu. Lakini wimbo huo ukitumika katika filamu ya kutangaza kampuni ya safari, tayari hiyo ni biashara, na katika biashara hiyo aliyetoa malighafi ndiye pekee asiyelipwa.

Sheria ipo upande wa mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake isinakiliwe, isisambazwe na isirushwe hewani. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, maandishi ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyefariki mwaka 1962, yalikuwa mali ya warithi wake mpaka mwisho wa mwaka 2012. Ni mazao machache sana ya Usambara yanayoweza kumlisha mjukuu kwa muda wa namna hiyo.

Tatizo ni jinsi mali hiyo inavyouzwa. Msanii wa kijijini akipata mteja hupokea fedha taslimu mara moja, akasaini karatasi asiyoisoma, na kazi ikawa imekwenda moja kwa moja. Huko ni kuuza shamba kwa bei ya gunia.

Njia nyingine ni leseni, nayo si ngeni kwa mkulima. Anayekodisha nusu ekari bondeni kwa msimu wa kabichi hutaja mipaka, msimu na kodi, na msimu ukiisha shamba linarudi kwa mwenyewe. Leseni ya wimbo hufanya hivyo hivyo: hutaja matumizi gani, wapi, kwa muda gani na kwa malipo gani. Tena wimbo unalizidi shamba kwa jambo moja kubwa. Nusu ekari haiwezi kukodishwa kwa watu watatu katika msimu mmoja bila ugomvi. Wimbo mmoja unaweza kuwa redioni, katika tangazo la mbegu na katika miito ya simu siku hiyo hiyo, na kila mmoja akalipa kodi yake.

Sasa nani aifanye kazi hiyo? Mwalimu wa kwaya ana shamba na watoto. Wakili wa mjini ni ghali kuliko tangazo lenyewe. Hapa ndipo penye nafasi ya ajira ambayo vijana waliomaliza kidato cha sita au chuo na kurudi nyumbani hawajaitazama, nayo ni uwakala wa leseni za sanaa.

Wakala huyo si promota wa kuandaa matamasha. Kazi yake ya kwanza ni ya daftari. Anaanza kwa kuuliza nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani aliimba, nani alilipia studio na lini. Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki zaidi ya moja ndani yake: ya mtunzi, ya waimbaji na ya aliyegharimia rekodi. Kwaya ya watu 30 isiyo na makubaliano ya mgawo itapigana siku hundi ya kwanza itakapofika, na wengi wa watakaopigana ni ndugu.

Baada ya hapo huisajili kazi Cosota. Hakimiliki haizaliwi na usajili, huzaliwa na kazi yenyewe, lakini cheti husaidia pale mtu mwingine anapodai kuwa wimbo ni wake. Yapo pia mambo ya jadi ya kuangaliwa. Ngoma ya mdumange ni ya Wasambaa wote, si ya kikundi kimoja, na sheria ya 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, iliyolipa Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, jukumu la kutoa vibali kwa wanaotaka kuzitumia kibiashara. Wakala asiyejua tofauti hiyo atauza asichokuwa nacho.

Ndipo inapokuja kazi ya kutafuta wateja, kusoma mikataba na kufuatilia malipo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa mteja anayesaini kwa furaha mwezi Januari huwa hapokei simu ifikapo Juni.

Gharama ya kukosa mtu wa namna hii ilionekana Afrika Kusini. Solomon Linda alirekodi wimbo wake 'Mbube' mwaka 1939 na inaelezwa kuwa haki zake alizitoa kwa shilingi 10. Wimbo huo ulizunguka dunia, ukageuzwa kuwa 'The Lion Sleeps Tonight', na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya 'The Lion King' ya Disney. Linda alikuwa amefariki mwaka 1962 akiwa maskini.

Aliyebadili mambo si mwanamuziki, bali ni mwanasheria Owen Dean, aliyekumbuka kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 pande zikapatana kwamba familia ilipwe. Mapatano yalikuja miaka 67 baada ya siku ile ya studio. Mtu mmoja wa kusoma mkataba mwaka 1939 angekuwa rahisi zaidi.

Nchini mfano ulio karibu na Lushoto ni wa Ambwene Yesaya, AY, na Hamis Mwinjuma, MwanaFA, ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Muheza na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Wawili hao waliishitaki kampuni moja ya simu kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya Sh bilioni 2. Kampuni ilikata rufaa na shauri likaendelea. Wenye majina makubwa wanaweza kuhimili mivutano ya miaka mingi mahakamani. Kwaya ya Rangwi haiwezi, na kwa hiyo kinga yake ni karatasi iliyoandikwa kabla ya wimbo kutumika.

Wakulima wa kahawa nao wana la kuwaambia wasanii. Katikati ya miaka ya 2000 Ethiopia iliamua kuyasajili majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, kama alama za biashara na kutoa leseni kwa wanunuzi. Starbucks ya Marekani ilivutana nayo, kisha mwaka 2007 ikasaini makubaliano. Leseni zile hazikutozwa ada. Faida iliyotafutwa ilikuwa kulishika jina, ili mwenye jina awe na sauti katika bei.

Walioishauri Ethiopia, taasisi ya Light Years IP ya Ron Layton, walikwenda baadaye kwa Wamasai wa Kenya na Tanzania, ambao jina na mashuka yao yametumiwa na makampuni makubwa. Louis Vuitton iliweka mashuka ya aina hiyo katika mavazi yake ya wanaume ya mwaka 2012. Kampuni ndogo ya Uingereza, Koy Clothing, ndiyo iliyokubali kulipa ada ya leseni. Kwamba kampuni ndogo ilitangulia si ajabu. Wadogo huwa wanasikiliza wanapoombwa kwa utaratibu, na huko ndiko wakala mchanga anapopaswa kubisha hodi kwanza.

Hata hivyo, kijana asidanganywe kuwa kuna utajiri wa haraka. Januari 2022 Cosota iligawa mirabaha ya Sh milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Ukigawanya sawa kwa sawa, kila mmoja hapati hata Sh 300,000, na mgao wenyewe haukuwa sawa kwa sawa.

Chukua hesabu ya mfano. Wakala akipata kamisheni ya asilimia 15, na msanii mmoja akiingiza Sh 400,000 kwa mwaka, wakala anabaki na Sh 60,000. Ili apate Sh 200,000 kwa mwezi anahitaji wasanii 40 wa kiwango hicho, na nauli na vocha zitoke humo humo. Rangwi peke yake haina wasanii 40 wenye soko. Mlalo, Mtae, Sunga, Lukozi na Lushoto mjini kwa pamoja huenda wakapatikana. Mwenye busara ataanza kazi hii huku viazi vikiwa ardhini, atatoza ada ndogo kwa kujaza fomu za usajili na kusoma mikataba, na hataacha jembe mpaka daftari lake limwambie.

Ufinyu huo wa mapato ndio unaozaa hatari kubwa ya kazi hii, yaani wakala kugeuka dalali. Wakulima wanamjua anayenunua kabichi zikiwa bado changa shambani kwa sababu mwenye nazo ana ada ya shule ya kulipa. Kwenye sanaa dalali huyo humkopesha msanii Sh 100,000, kisha akaandikisha wimbo kwa jina lake mwenyewe.

Kwa hiyo mkataba wa wakala uwe na mipaka inayojulikana. Hakimiliki ibaki kwa msanii daima. Muda uwe mwaka mmoja au miwili, na kuongeza kuwe kwa hiari ya pande zote. Kamisheni iandikwe kwa asilimia na ihesabiwe kwenye fedha iliyoingia, si iliyoahidiwa. Msanii aoneshwe risiti ya mteja mwenyewe, maana dalali hutaja bei mbili, moja kwa mnunuzi na nyingine kwa mwenye mali. Anayekataa kuonesha risiti asipewe nyimbo.

Wafanyabiashara wadogo nao wamo. Mwenye baa, saluni au basi hulalamika akidaiwa ada ya kupiga muziki, na lalamiko lake lina sababu pale asipoelezwa fedha inakwenda kwa nani. Lakini huyo huyo hakubali mteja anywe soda bila kulipa kwa kuwa chupa imebaki. Halafu mama wa Lushoto anayefungasha jamu ya matunda damu au plamu huhitaji mchoro wa kubandika kwenye chupa. Akimpa kijana mchoraji Sh 20,000 bila maandishi, ameweka biashara yake katika wasiwasi: jamu ikishika soko Arusha na Nairobi, mchoraji anaweza kudai na mama hana cha kuonesha. Leseni ya ukurasa mmoja inamlinda yeye kama inavyomlinda mchoraji.

Mazingira ya kisheria kwa sasa yanaruhusu. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliigeuza Cosota kuwa ofisi ya usimamizi wa hakimiliki, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa kampuni za wenye haki wenyewe. Kampuni hizo zitakaa Dar es Salaam. Hazitapanda mlima kwenda Rangwi kumuuliza mwalimu wa kwaya nani alitunga ubeti wa pili, na wimbo usioandikwa kwenye orodha yao hautagawiwa kitu hata ukipigwa redioni kila asubuhi.

Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto inaweza kusaidia bila bajeti kubwa. Ofisa Utamaduni ana orodha ya vikundi au anaweza kuipata kupitia watendaji wa kata. Vijana wachache wenye elimu wakipelekwa kwa wiki moja Cosota, Basata na Brela kujifunza fomu na taratibu, kisha wakarudi na nakala za mikataba ya Kiswahili, wilaya itakuwa na wataalamu ambao leo hawapo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo vikundi vya vijana huitumia kununulia pikipiki, inaweza pia kununua kompyuta moja na kinasa sauti kizuri.

Kwaya nazo zisisubiri semina. Katibu anaweza kununua daftari la kaunta wiki hii, akaandika kila wimbo, mtunzi wake, tarehe uliyoimbwa mara ya kwanza na mgawo uliokubaliwa, wanachama wakasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Afanye hivyo wazee waliotunga wakiwa hai, kwa sababu wao ndio wanaokumbuka.