Viatu vya Kupanda Pikipiki

Wandugu, sandali haifai kwa pikipiki. Kwenye kifundo cha muguu nyama ni kidogo sana juu ya mufupa. Mutu akianguka, mawe ya barabara yanafikia mufupa upesi. Buti za mpira zinazuia matope, lakini zinatoka muguuni, na bomba la moshi linaziyeyusha.

Tafuta buti ya ngozi nene inayopita kifundo. Ishike kwa mikono miwili, uipinde kwa nguvu: ikikunjika kama kitambaa, iache sokoni. Kisigino kisicheze ndani. Kamba uzifiche, zisikamatwe na munyororo.

Wengine wanasema: Ni bei kubwa. Lakini wamelipia rangi na vioo vya pikipiki! Na mama anayebebwa nyuma, amevaa nini? Muguu wake unakaa karibu kabisa na bomba lile la moto.