Wimbo haiko mufuko wa malachite

Mu familia mingi za huku kwetu, mutoto akisema anaenda kusoma droit, bazazi banafurahi. Banamuona tayari juge, ao avoka wa kutetea batu mu mambo ya parsele na uriti. Lakini akisema anataka kuwa avoka wa banamuziki, bote banacheka: "Banamuziki iko na franga gani ya kulipa avoka?" Mimi ninaona ile kicheko inatukosesha mingi. Kama kuna kazi inakosekana Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ni ile.

Angalieni namna muchimbaji anauzisha. Anapandisha mufuko wake, anaupeleka ku depo, banapima uzito, banapima teneri, banamulipa, inaisha. Kama banamuiba ku mizani, banamuiba mufuko mumoja. Kesho atashuka tena mu shimo. Wimbo haiko vile. Unaimbwa mara moja mu studio, kisha unaweza kuleta franga kila mara unapigwa: ku radio, mu bar, mu filme, ku telefone, leo na miaka mingi inayokuja. Mutu mwenye kuuzisha wimbo wake wote kwa bei ya siku moja hakuuzisha mufuko. Ameuzisha shimo zima.

Ba papa benye kujua namna batu balitoka mu mikini kwenda kutafuta kazi ku Union Minière batasikia vizuri habari ya Solomon Linda. Alikuwa Muzulu wa Afrika ya Kusini, alitoka mashambani kwenda Johannesburg. Huko alifanya kazi ya kufunga mizigo mu kampuni ya Gallo, yenye kutengeneza sahani za muziki. Mwaka 1939, yeye na kikundi chake Evening Birds baliimba "Mbube" mu studio ya ile kampuni. Mbube, mu Kizulu, ni simba. Haki za wimbo zilienda kwa kampuni kwa shilingi 10. Sahani ziliuzishwa zaidi ya 100.000. Wimbo ulivuka bahari, Bamarekani bakaugeuza maneno, na mwaka 1961 kikundi cha The Tokens kikaupandisha namba 1 kwa jina "The Lion Sleeps Tonight". Linda alikufa mwaka 1962, na familia ilikosa hata franga ya kuweka jiwe ku kaburi yake. Mujane wake, kisha mabinti, baliletewa mikanda ingine, bakatia sahihi. Mwaka 1994 Disney akaweka ule wimbo mu filme yake ya simba, filme yenye dunia yote ilitazama.

Sasa muangalie kazi ya avoka. Owen Dean, wa Pretoria, hakuwa mutu wa kelele. Alikuwa amesoma sheria ya haki za batunzi miaka mingi, na alikuwa ameandika vitabu juu yake. Alifungua sheria ya kale ya Bangereza ya 1911, yenye ilitumika Afrika ya Kusini pia. Ile sheria ilisema hivi: hata kama mutunzi aliuzisha haki, miaka 25 kisha kufa kwake zinarudi ku uriti wake. Kuhesabu tangu 1962, zilirudi mwaka 1987. Mu 2004, kwa musaada wa serikali na wa Gallo yenyewe, familia ikashitaki Disney ku tribinali ya Pretoria. Juu Disney ilikuwa kampuni ya inje, avoka aliomba tribinali ishike alama zake za biashara zilizoandikwa mule mu inchi, zaidi ya 200, sawa vile huissier anashika bintu bya mudeni. Mwezi wa Februari 2006, mbele kesi isikilizwe, bakapatana. Mabinti bakalipwa juu ya miaka iliyopita, bakapewa fungu la miaka inayokuja, na Linda akatambulikana kuwa mumoja wa batunzi.

Ushindi mukubwa. Lakini muhesabu: kutoka 1939 mpaka 2006 ni miaka 67. Mutunzi hakuona kitu. Mu 1939, mufanyakazi mweusi wa Johannesburg angepata avoka wapi? Batoto betu ba leo habana ile sababu.

Tena ile sheria ya 1911 haiko yetu. Yetu ni ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inalinda mutunzi maisha yake yote, na miaka 50 kisha kufa. Muchukue muzee wetu Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mwenye Hugh Tracey alimurekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Alikufa mwaka 1990. Kwa hesabu ya sheria, nyimbo zake zinalindwa mpaka 2040. Ile ni mali ya uriti, sawa nyumba.

Mbele ya sahihi, avoka anauliza maulizo machache. Nani anabakia mwenye wimbo? Nani mwenye sauti iliyorekodiwa? Kontra ni ya miaka ngapi, na mu inchi gani? Fungu la mutunzi ni ngapi ku mia? Nani ataonyesha hesabu, na kila miezi ngapi? Mutoto akitaka kutoka, anatokea wapi? Kijana wa miaka 19 mwenye kuona studio mara ya kwanza hataweza kuuliza ile yote.

Batu batasema avoka ni bei kali. Ni kweli. Lakini tunachanga juu ya matanga, juu ya ndoa, juu ya manguo ya clip. Likelemba moja ya familia inatosha kumulipa avoka asome mukanda mbele. Na mulipe ninyi: avoka mwenye kuletwa na prodikteri ni wa prodikteri.

Wengine batasema muziki wetu unakula ku mabanga: unataja jina la patron, unapewa franga. Haya, lakini patron akiishiwa, ama bei ya kiver ikianguka, mabanga inaisha ile siku. Fungu la mutunzi halingoji roho nzuri ya mutu.

Avoka peke yake hatamaliza. SOCODA, yenye iliundwa mwaka 2011, inapaswa kukusanya na kugawa, na mutunzi mwenye hakujiandikisha pale atangoja bure. Lakini nani atauliza hesabu, kama hakuna mwenye kujua sheria? Kwa hiyo, mutoto wenu wa UNILU akisema anataka ile kazi, musicheke. Na yule mwenye kuimba, mumuambie asitie sahihi leo. Arudi na mukanda nyumbani kwanza.