Hoja Hujibiwa kwa Hoja

Kuna maradhi yaliyouingia mjadala wetu wa siasa: msemaji huulizwa nasaba yake kabla ya kuulizwa dalili yake. Mtu hutoa hoja barazani, na la kwanza kusikika ni "Katumwa na nani?" Likishapatikana jina la chama au kisiwa, wasikilizaji huondoka wakidhani wameshinda.

Tuitazame Zanzibar. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kuufuta, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikiususia. Hapo palikuwa na masuala mawili mazito. Je, Mwenyekiti peke yake alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kufuta uchaguzi mzima? Na je, kasoro alizozitaja zilitokea, na zilikuwa na uzito wa kubatilisha kura zote? Mara nyingi aliyeuliza la kwanza aliitwa adui wa Mapinduzi, na aliyeuliza la pili akaitwa kibaraka wa watawala. Mpiga kura aliyepanga foleni tangu alfajiri akabaki bila jibu.

Wako watakaosema kuwa ni lazima tumjue msemaji, kwani mwenye maslahi hupotosha. Naam, hupotosha. Lakini kujua kuwa muuza kitambaa anatafuta faida ni sababu ya kukipima upya. Hakuthibitishi kuwa kitambaa ni kifupi.

Sisi wapenzi wa tungo hatuna udhuru. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana na washairi wa Lamu katika zama ambazo miji hiyo ilipigana vita. Kejeli hazikukosekana. Hata hivyo, ada ya malumbano humtaka mjibu aingie katika bahari ya mwenziwe, ashike vina vyake, na aliguse neno alilolisema. Anayetukana tu, akaliacha neno lile, hajajibu.

Basi na wanasiasa wetu tuwatake haya. Kwanza, ieleze hoja ya mpinzani wako mpaka mwenyewe akiri: "Ndivyo nilivyosema." Pili, leta dalili tunayoweza kuikagua. Tatu, kipimo unachompimia yeye kipimie na chama chako. Asiyeyaweza haya matatu tusimpigie makofi, hata akiwa wa upande wetu. Hasa akiwa wa upande wetu.