Siri ya Chokaa

Nyumba ni mali ya nani: ya aliyeinunua peke yake, au pia ya wajukuu ambao hawajazaliwa? Waingereza wamelijibu swali hilo kwa sheria.

Huko London, katika Craven Street, ipo nyumba nyembamba ya matofali iliyojengwa yapata mwaka 1730. Mmarekani Benjamin Franklin aliishi humo baina ya 1757 na 1775. Nyumba za zama hizo hazina mapambo mengi. Uzuri wake umo katika vipimo na safu za madirisha. Moto mkubwa wa 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya jiji, na sheria ya 1709 ikaagiza fremu za mbao zirudishwe ndani ya ukuta inchi 4, ili ndimi za moto zisizidake.

Lakini siri kubwa imo baina ya matofali. Mafundi waliyaunga kwa chokaa, ambayo ni laini na hupitisha unyevu. Anayeziba nyufa kwa saruji huufungia unyevu ndani, na tofali lenyewe huanza kumomonyoka. Dawa hugeuka sumu. Ndiyo maana nyumba hiyo, iliyo katika daraja la kwanza la hifadhi, haibadilishwi bila kibali, mkaidi hushtakiwa.

Wazee wetu wa Mji Mkongwe, Unguja, nao walijenga kwa mawe na chokaa. Basi ukirithi nyumba ya namna hiyo, kabla hujanunua mfuko wa saruji, mtafute kwanza fundi aijuaye chokaa.